Lambo tunalitaka, lakini nani alihesabu dawa za bondeni?

SEHEMU YA 1

Kina mama wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Na kina baba mnaosoma humu kimyakimya kwa simu za wake zenu, nawajua. Ni nesi wenu. Wiki hii sizungumzii chanjo wala uji wa lishe. Nazungumzia malambo, na najua nitatukanwa, kwa hiyo chukua kigoda ukae.

Nilihudhuria mkutano wa kijiji kimoja, sikitaji. Ajenda ilikuwa lambo. Mtaalamu akaeleza vizuri kabisa: tuta litakuwa wapi, maji yatafika wapi, ng'ombe watanywa upande gani. Bibi mmoja akanyoosha mkono, mkunga wa jadi wa miaka mingi, akauliza: "Na dawa zetu zilizoko kule bondeni?" Watu wakacheka. Mtaalamu akajibu kwa upole tu, "Mama, pale ni vichaka." Mkutano ukaendelea. Bibi akakaa chini, akafunga kanga yake vizuri, hakusema neno tena mpaka tunatawanyika.

Hayo maneno mawili, "ni vichaka", ndiyo nayapinga katika mfululizo huu. Silipingi lambo. Nimefanya kazi kwenye zahanati ambayo maji ya kunawia mikono yalikuwa yanaletwa na punda. Nimeona mama kijacho wa miezi 8 akitoka kuchota maji kwenye shimo la mchanga la mto uliokauka, ndoo kichwani, halafu anakuja kliniki anasema kiuno kinamuuma. Jamani, hapo hata hakuna cha kupima. Mito yetu, Simiyu wenyewe na Duma, ni ya msimu, ikija inakuja kwa hasira na ikiondoka inaacha mchanga. Maji tunayahitaji kuliko karibu kitu kingine chochote. Ndiyo maana mradi mkubwa wa kuleta maji ya Ziwa Victoria kwenye wilaya zetu 5 ulipoidhinishiwa fedha na Mfuko wa Tabianchi wa Kijani mwaka 2017, mimi nilikuwa wa kwanza kupiga vigelegele.

Kwa hiyo wale wanaokimbilia kuandika "nesi unapinga maendeleo" wasijichoshe. Ninachokataa ni hesabu iliyofanyika nusu. Kwenye hesabu ya lambo kuna saruji, dizeli ya katapila, posho, ujazo wa maji na idadi ya ng'ombe. Upande wa hasara kuna mashamba ya fulani na fulani. Basi. Bonde zima lililokuwa linalisha na kutibu vitongoji vitatu linaandikwa sifuri. Sasa mimi nawauliza nyie mnaopika: mboga mliyochuma bure mwezi wa tatu, ikitoweka ukalazimika kuinunua gulioni, hiyo ni sifuri?

SEHEMU YA 2

Jana mmeniandikia wengi. Mmoja kasema, "Nesi, wewe si ndiye kila siku unatukataza miti shamba?" Swali zuri. Ndiyo, ni mimi, na sijabadilika. Leo nitawapitisha bondeni mmea kwa mmea, mwone kwamba kupiga vita matumizi mabaya ya dawa na kulinda bonde havigongani hata kidogo.

Tuanze na vinavyoliwa, kwa sababu hapo ndipo hasara inaanza na ndipo hakuna anayepaangalia. Mgagani. Mlenda wa porini. Mchicha pori unaoota wenyewe kwenye udongo wenye unyevu. Hizi mboga hazina mbegu ya dukani wala hazingoji ruzuku ya pembejeo. Mvua ya kwanza tu zimetoka, wakati gunia la mahindi limeisha na pamba bado ni maua. Mama akipimwa damu kliniki akikutwa iko chini, nampa vidonge vya madini chuma na foliki asidi, halafu namwambia ale mboga za majani za kijani kibichi. Ninapotamka hivyo sina picha ya mboga za kwenye friji. Picha yangu ni mgagani uliochemshwa, maji yake ya uchungu yakamwagwa, ukaungwa kwa maziwa. Kama njia ya kwenda kuuchuma sasa iko chini ya maji mita nne, ushauri wangu umebaki maneno ya kwenye bango.

Halafu mkwaju. Mnajua wenyewe bushishi, uji wa ukwaju unaomwamsha mgonjwa aliyekataa chakula. Mkwaju ni mti wa polepole, ukiukata leo, mjukuu wako ndiye atakayekula wa kuupanda upya. Na mbuyu, ambao unga wa tunda lake una vitamini C nyingi kuliko chungwa, na vitamini C ndiyo inayosaidia mwili kuyashika madini chuma yaliyoko kwenye hiyo mboga. Bibi zetu walimpa mzazi mboga na ubuyu bila kusoma popote. Waliona tu kwamba anasimama haraka.

Mjunju, ambao Wasukuma mnauita nyuguyu. Miiba yake mnaijua, tunda lake watoto wanalimung'unya wakichunga. Kumbukeni huu mti, nitaurudia sehemu ya mwisho, una siri moja inayohusu malambo yenyewe. Nisisahau mswaki, mti unaoitwa hivyo kwa kazi yake, ambao wazee wengi wanautumia hadi leo na meno wanayo.

Sasa dawa zenyewe. Hapa nitaongea kama nesi, bibi atanisamehe.

Mlundalunda: gome na mizizi huchemshwa kwa tumbo na homa, mti huu unatumika hivyo sehemu nyingi za Afrika mashariki na kusini. Mtu mzima mwenye tumbo linalosokota akinywa, sitagombana naye sana. Mtoto wa chini ya miaka 5 mwenye homa, hapana. Mlete apimwe malaria siku hiyohiyo. Malaria ya mtoto haingoji chungu kichemke.

Nengonengo: huu ndio mti wa heshima na hofu. Ukikwangua mzizi wake unanusa kama ile dawa ya kuchua misuli, na si bahati mbaya, kemikali inayotoa harufu hiyo ni ileile, ndugu wa karibu wa aspirini. Ndiyo maana watu waliutumia kwa kichwa na maumivu ya viungo, na waliona nafuu kweli. Lakini mzizi huohuo ni sumu, umeua watu Afrika nzima, kwa makusudi na kwa kuzidisha kipimo. Mtoto mdogo hapewi aspirini hovyo, sembuse nengonengo ambao hakuna anayejua kikombe kimoja kina nguvu kiasi gani. Mama mjamzito asiuguse.

Na zile za kuharakisha uchungu. Mnazijua, mnazileta kwenye chupa ya soda mkidhani hatuoni. Zipo zinazofanya kazi, na hapo ndipo hatari ilipo. Mfuko wa uzazi unabana bila kupumzika, mtoto anakosa hewa, na kwa mama aliyezaa mara nyingi au aliyewahi kufanyiwa upasuaji, mfuko unaweza kupasuka. Sitalainisha hili ili nionekane natetea mila.

Haya, sasa mtaniuliza: kama nusu ya dawa za bondeni nazikataza, kwa nini nalia bonde likizama? Si lizame tu tupumzike?

Kwa sababu dawa ikizama, hitaji halizami. Bibi hafungwi mdomo na maji ya lambo. Mama mkwe hataacha kumtafutia mkwewe dawa ya tumbo. Kinachobadilika ni chanzo. Zamani bibi alikuwa anauchimba mzizi mwenyewe, anaujua mti kwa gome, jani, harufu na majira, anajua ni kidole kimoja cha mzizi kwa sufuria gani, na anajua nani asipewe. Ukiniletea mgonjwa wa namna hiyo, bibi anakuja naye, namuuliza alimpa nini, ananitajia. Nina pa kuanzia. Leo nakutana na mama mwenye unga wa kahawia kwenye mfuko wa nailoni, kaununua mnadani kwa kijana mwenye kipaza sauti, unatibu "magonjwa 40". Namuuliza ni mti gani, hajui. Aliyeuza kapanda gari kaenda mnada mwingine. Mtoto macho yamegeuka. Nitafanya nini hapo zaidi ya kumwekea dripu na kuandika rufaa?

Ukiangamiza mmea wenye jina unabaki na unga usio na jina. Huo ndio mtazamo wangu wa kinesi, na sijaona mhandisi yeyote akiujibu.

SEHEMU YA 3

Kuna baba kaniandikia kwamba Wasukuma hatukuwahi kujali miti, sisi ni watu wa ng'ombe na pamba. Ndugu yangu, hebu tukumbushane.

Enzi za mkoloni, miaka ya 1920 hadi 1940, misitu ya Usukumani ilifyekwa kwa maelfu ya hekta ili kuwamaliza mbung'o. Waliofyeka walikuwa na sababu ya afya, tena ya kweli, malale yalikuwa yanaua. Kisha ikaja pamba, kisha vijiji vya ujamaa miaka ya 1970 ambapo familia zilihamishwa zikaacha ngitili zao nyuma. Matokeo yake, Shinyanga ya wakati ule, ambayo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa ndani yake kabla Simiyu haijawa mkoa mwaka 2012, ikaitwa jangwa. Mama zetu walipikia kinyesi cha ng'ombe kwa kukosa kuni.

Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mwanzoni walikuja na miche ya vitaluni na lugha ya wataalamu. Kilichofanikiwa lakini hakikutoka kwenye kitalu. Kilikuwa ngitili, ule utaratibu wa mababu wa kufunga eneo kuanzia masika, nyasi na miti vipumue, halafu kiangazi ndama na ng'ombe dhaifu waingie kwanza. Watu walipoulizwa wakasema tunataka ngitili zetu. Mradi ulipoanza, ngitili zilizokuwa zimeandikwa zilikuwa kama hekta 600. Mradi ulipofungwa mwaka 2004, ardhi iliyorudi kijani ilihesabiwa kwa mamia ya maelfu ya hekta. Mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Dunia ilikuja kujifunza kwa Wasukuma, watu "wasiojali miti".

Na hapa kuna namba ambayo ningependa kila diwani aibandike ukutani. Utafiti wa Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na IUCN, uliochapishwa 2005, ulikadiria kwamba vitu watu wanavyovipata kwenye ngitili, kuni, nyasi za kuezekea, malisho, asali, matunda, mboga, dawa, vilikuwa na thamani ya dola 14 kwa mtu mmoja kwa mwezi. Matumizi ya kawaida ya mtu wa kijijini Tanzania wakati huo yalikuwa kama dola 8 na nusu. Soma tena. Vichaka vilikuwa vinawapa watu zaidi ya matumizi hayo ya kawaida. Utafiti huohuo ulionyesha safari ya kuni ilipungua kwa saa 2 hadi 6. Saa 6! Mama mwenye mtoto wa miezi 4 akipata saa 6, ananyonyesha. Asipozipata, mtoto anaachwa na dada yake wa miaka 7 na uji mwepesi, na sisi kliniki tunaona mstari wa uzito umelala.

Sasa lambo linakaa wapi? Halikai mlimani. Linakaa kwenye mkondo, bondeni, kwenye udongo mzito unaoshika maji, na mara nyingi hapohapo ndipo watu waliweka ngitili, kwa sababu hapo ndipo nyasi na miti hustahimili kiangazi. Na eneo linaloharibika si lile la maji peke yake. Udongo wa kujengea tuta unachimbwa pembeni. Katapila linahitaji njia. Lambo likijaa, mifugo ya mbali inahamia, kwato zinakanyaga kila kitu kuzunguka maji mpaka panabaki vumbi. Chini ya tuta mto hautapiki tena maji kingoni kama zamani, na mimea iliyozoea kunyweshwa mara moja kwa mwaka inakauka taratibu, miaka mitatu minne baada ya watu wa mradi kuondoka na picha zao.

Mthamini akija anaandika nyumba, shamba, miti uliyoipanda. Mkwaju uliootea wenyewe kwenye ardhi ya kijiji hauna mwenyewe, kwa hiyo hauna bei. Na ni nani kijijini anaishi kwa kuokota vitu visivyo na mwenyewe? Wanawake. Fidia ikitoka inakwenda kwa mwenye shamba, ambaye mara nyingi ni baba. Mboga aliyokuwa anachuma mama haijaandikwa na hailipwi. Sijui kama kuna anayekusudia iwe hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

SEHEMU YA 4

Mwingine kasema haya mambo ya kuhesabu mimea ni ya Wazungu, hapa Afrika hayawezekani. Leo ni fupi, nakupeleka sehemu tatu za Afrika.

Ya kwanza ni hapa kwetu, Kihansi, milima ya Udzungwa. Bwawa la umeme la megawati 180 lilianza kazi mwaka 2000. Maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo, maporomoko yalipoteza takriban asilimia 90 ya maji yake, na ule ukungu uliokuwa unalowesha korongo usiku na mchana ukakatika. Pale palikuwa na chura mdogo wa rangi ya dhahabu, hayupo popote pengine duniani, aligunduliwa mwaka 1996 wakati ujenzi ulikwishaanza. Mimea ya unyevunyevu aliyokuwa anakaa ikaanza kuzidiwa na magugu. Basi ikafungwa mitambo ya kunyunyizia maji korongoni ili kuiga ukungu, na karibu vyura 500 wakapandishwa ndege kwenda kutunzwa Marekani. Vyura wa korongoni walikwisha, waliotunzwa wakazaliana, na tangu 2012 wakaanza kurudishwa.

Simchukii yule chura. Nilifurahi aliporudi. Ila naomba nimtumie kama kipimo. Nchi hii imeonyesha kwamba ikitaka inaweza kusimama, kuhesabu na kulipia kiumbe anayeenea kwenye ukucha wa kidole gumba. Kwa hiyo nikiambiwa kuhesabu mikwaju na milundalunda kabla ya kuleta katapila ni gharama kubwa isiyowezekana, naomba niruhusiwe kutoamini.

Ya pili, Lesotho, milima ya Maluti. Bwawa la Katse lilikamilika mwaka 1996, ukuta wa mita 185, maji yanakwenda Afrika Kusini. Watu wa milima ile wana dawa zao kama sisi. Kabla bonde halijazama, mimea ilichimbwa ikahamishiwa kwenye bustani iliyopo pale Katse hadi leo, dawa za Basotho zikiwemo. Baadaye wataalamu wakatembea kwa jamii zilizoko chini ya mabwawa kuhesabu wanachokiokota mtoni, samaki, kuni, mboga za pori, dawa, na ukatungwa utaratibu wa fidia kwa jamii hizo. Sisemi Lesotho ni pepo. Watu wengi kule walilalamika kwamba malipo yalichelewa na yalikuwa kidogo, na bustani si bonde, huwezi kwenda bustanini kuchuma mboga ya jioni. Ila angalau mboga ya pori iliingia kwenye karatasi ya serikali ikiwa na thamani.

Ya tatu ndiyo naipenda zaidi, mpakani mwa Senegal na Mauritania. Bwawa la Diama lilipokamilika 1986, upande wa Mauritania delta ikakauka. Wanawake wa kule walikuwa wanasuka mikeka kwa nyasi fulani ya maeneo yanayofurika, ikapotea, biashara yao ikafa. Kwenye miaka ya 1990, ndani ya hifadhi ya Diawling, wakaanza kufungulia maji kwa makusudi kila mwaka ili kuiga mafuriko ya zamani. Nyasi ikarudi. Wasusi wakarudi kazini. Hawakuvunja bwawa, walifungua milango tu kwa majira. Ndugu zetu wa Rufiji wanaolima mlau kwa kutegemea maji yanayopanda na kushuka wanaelewa vizuri ninachosema.

SEHEMU YA 5, YA MWISHO

Nilisema nitarudi kwenye mjunju.

Lambo likijengwa, wa kwanza kuhamia baada ya ng'ombe ni konokono. Konokono wa maji wanabeba kichocho. Mtoto anaogelea, mama anafua akiwa amesimama ndani ya maji mpaka magotini, vijidudu vinapenya ngozi bila kuuma. Miezi baadaye mtoto anakojoa damu na wenzake wanamtania kwamba amekuwa mkubwa. Kanda yetu ya Ziwa ina kichocho kingi, hili siyo la kutishana. Kwa wanawake kinaweza kuharibu njia ya uzazi, kikaleta vidonda na ugumba, halafu mama anatibiwa magonjwa ya zinaa miaka nenda rudi na mume anamnunia. Dawa ipo, prazikwanteli, na inatibu. Ukirudi majini siku ya pili unaambukizwa tena. Kulekule Senegal nilikowapeleka jana, miaka miwili tu baada ya bwawa la Diama, mji wa Richard-Toll ulipata mlipuko wa kichocho cha tumbo.

Sasa sikieni hii. Mwaka 1964 daktari kijana wa Ethiopia, Aklilu Lemma, alikuwa Adwa akitafiti kichocho. Akaona mahali ambapo wanawake wanafulia kwa endod, matunda madogo ya mmea wa porini yanayotoa povu kama sabuni, konokono wa chini ya pale wamekufa wamejaa. Ugunduzi mkubwa wa afya ulitoka kwenye karai la kufulia la kina mama! Mwaka 1989 yeye na mwenzake Legesse Wolde-Yohannes walipewa Tuzo ya Right Livelihood kwa kazi hiyo. Na mjunju wetu, nyuguyu, tunda lake nalo lilishaonekana Sudan tangu miaka ya 1930 kwamba linaua konokono. Naomba mtu asiende kesho kumwaga mjunju lamboni: linaua na samaki, na kipimo chake ni kazi ya wataalamu. Nataka tu muone tulivyo. Tunakata mti unaoua konokono ili tujenge nyumba ya konokono, halafu tunaagiza vidonge.

Kwa hiyo mkutano wa lambo ukiitwa kijijini kwenu, mama, nenda. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, siyo wa wenye ng'ombe. Mwache mtoto kwa shemeji au mbebe mgongoni, sisi tumeshazoea. Uliza kama tathmini ya athari kwa mazingira imefanyika, maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inaitaka kwa miradi mikubwa, na kwa lambo dogo muulize afisa mazingira wa halmashauri linaangukia wapi. Uliza nani alitembea bondeni na bibi. Sitaki aliyetembea na ramani peke yake. Mwite bibi, mwite mchungaji wa ng'ombe, mwite mganga aliyesajiliwa, maana tangu 2002 tuna sheria ya tiba asili na baraza lake, siyo mambo ya kificho. Watembee siku mbili kabla ya alama za mkaa kuwekwa kwenye miti. Kila mmea uandikwe jina la Kisukuma, unafanya nini, upo wapi kwingine. Kama haupo kwingine ndani ya mwendo wa kawaida wa mama na ndoo, hapo ndipo mjadala uanzie. Wakati mwingine kusogeza tuta mita 300 kunatosha. Wakati mwingine haitatosha, mtakubaliana nini cha kuhamisha na nani analipia.

Na kipande kimoja cha sheria hiyohiyo wengi hawakijui. Mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa haziruhusiwi shughuli za kudumu zinazoharibu mazingira. Tunazisikia mita 60 tukifukuzwa kulima bustani ya nyanya tu. Mimi nasema zipandwe. Mikwaju, mijunju, milundalunda, mibuyu, na sehemu za chini zibaki kwa mgagani na mlenda, kwa utaratibu wa ngitili. Ng'ombe wapewe njia moja na birika nje ya uzio, wasiingie majini. Hapo watoto nao wanapata sababu ya kutoogelea kila upande. Kwenye lambo lenye bajeti ya katapila na saruji, miche na uzio wa minyaa ni hela ya chai.

Kuna mwenyekiti mmoja ameshanipigia kuuliza kama niko tayari kutembea bonde la kwao kabla mvua hazijaanza. Niko tayari, lakini nimemwambia mimi nitabeba daftari tu, wa kuongea ni bibi. Wengine mnaotaka, Alhamisi ni siku ya kliniki. Mkija kupima uzito wa watoto, njooni na majina ya mimea inayochumwa bondeni kwenu, ya mboga na ya dawa, kwa Kisukuma hivyohivyo mnavyoyatamka. Mwenye jani alete jani, alikaushe kwanza ndani ya gazeti lisioze. Mwenye chupa ya soda nayo alete, tutaongea pembeni, sigombi.